Digrii Moja ya Kabale

Mtumishi wa serikali akihamishwa kutoka Kampala kwenda Kabale, wenzake humwambia anunue sweta kabla hata hajaulizia nyumba. Mji uko pembe ya kusini magharibi ya Uganda, kilomita 400 na ushei kutoka Kampala, kwenye barabara ile ile inayoanzia bandari ya Mombasa. Dereva wa lori akitoka hapo, zimebaki kama kilomita 20 afike Katuna, kwenye geti la mpaka. Upande wa pili panaitwa Gatuna, nako ni Rwanda.

Kituo cha hali ya hewa cha Kabale kiko mita 1,869 juu ya usawa wa bahari, digrii moja na robo tu kusini mwa Ikweta. Kwa latitudo hiyo pangekuwa pa moto. Mwinuko ndio unaopapoza: mchana joto hufika digrii 23 au 24 za Selsiasi, alfajiri hushuka hadi 11 au 12, na ukungu hulala bondeni mpaka jua likolee. Mvua ni misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, jumla ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Viazi mviringo, mtama, maharage na kabichi vinastawi. Mnazi hauna habari zake.

Baridi hiyo iliwapa Wakiga, wenyeji wa Kigezi, yaani nchi ya milima inayoizunguka Kabale, kitu ambacho wenzao wa nyanda za chini hawakuwa nacho. Malaria kwao ilikuwa homa ya safari. Ukishuka kwenda kufanya vibarua au biashara huko chini unarudi nayo. Ukikaa kilimani haikufuati. Neno lenyewe la Kikiga, omuswija, ni homa tu, bila kutaja mbu wala bonde.

Kisa ninachotaka kukichambua ni mwaka ambao mpangilio huo ulivunjika. Kinanivutia kwa sababu jibu linalomjia kila mtu upesi, kwamba mvua ilinyesha sana na mbu wakazaliana, ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo.

Mwaka wa homa

Sisi wengine mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 tunazikumbuka kwa madaraja yaliyokwenda na maji na mahindi yaliyooza yakiwa bado shambani. Kabale wanazikumbuka pia kwa homa. Katika miezi ya mwanzo ya 1998 wagonjwa wa malaria wilayani waliongezeka kupita kiasi ukilinganisha na miezi kama hiyo ya mwaka uliotangulia, na waliougua hawakuwa watoto peke yao.

Hilo la watu wazima lina maana yake. Mtu wa Kilwa au Muheza ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejifunza. Akifika miaka 30, malaria mara nyingi humlaza siku mbili tatu kisha anarudi kazini. Aliyekulia mlimani hana akiba hiyo. Baba, mama na mtoto wanaingia kwenye homa wakiwa sawasawa, na familia nzima inalala kwa wiki moja, tena msimu wa palizi. Ndiyo maana mlipuko wa milimani unatisha hata pale idadi ya wagonjwa ni ndogo kuliko ya mwaka wa kawaida huko pwani. Kericho na Kisii wanalijua hilo. Muleba kule Kagera wanalijua vilevile.

Sasa mvua. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotulia, hasa madimbwi madogo yanayopigwa na jua. Kigezi ni nchi ya miteremko mikali, na mvua kubwa kwenye mteremko huwakokota viluwiluwi na kuwamwaga mtoni. Tena mvua nyingi ilikwisha kunyesha Kabale miaka mingine bila mlipuko. Maji yanamzaa mbu, lakini mbu aliyezaliwa si lazima awe mbu mwenye malaria. Hapo katikati ndipo joto linapoingia, na inabidi tupige hesabu kidogo.

Hesabu ya siku

Mbu akimuuma mgonjwa leo, kesho hawezi kumwambukiza mtu mwingine. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, lazima kwanza kikomae tumboni mwa mbu, kisha kisafiri hadi kwenye tezi za mate. Mbu hana joto lake mwenyewe, kwa hiyo kasi ya kukomaa kwa kimelea inaamuliwa na joto la mahali mbu alipotua. Kanuni iliyozoeleka, inayohusishwa na mtaalamu wa Kisovieti Tatiana Detinova tangu 1962, ni fupi: chukua wastani wa joto, toa 16, kisha gawanya 111 kwa kinachobaki. Jibu ni idadi ya siku.

Chukua Kabale kwa wastani wa digrii 17.5. Ukitoa 16 inabaki moja na nusu. Gawanya 111 kwa 1.5, unapata siku 74.

Mbu gani anaishi siku 74? Tuseme katika kila mbu 10 walio hai leo, 9 wanafika kesho; huko ni kumkadiria mbu kwa ukarimu. Anza na mbu 10,000 waliomuuma mgonjwa. Baada ya siku 74 wamebaki 4. Hiyo ndiyo kinga ya Kabale. Mbu wapo, na wagonjwa wanaorudi kutoka safari wapo, lakini mbu anakufa kabla kimelea hakijawa tayari.

Ongeza sehemu 9 kati ya 10 za digrii. Wastani unakuwa 18.4, na siku zinashuka hadi 46. Kwa mbu wale wale 10,000, wanaofika siku hiyo ni 78 badala ya 4. Karibu mara ishirini, kwa badiliko ambalo mtu aliyevaa sweta hawezi hata kulihisi. Fika digrii 20, nazo siku ni 28 tu, na mbu zaidi ya 500 wanafika.

Siziapii tarakimu hizi. Wastani unaficha tofauti ya mchana na usiku, nayo kanuni yenyewe hulegalega inapokaribia ukingo wa 16. Ninachokiamini ni umbo la hesabu. Tabora au Kilosa, digrii moja ya ziada haibadilishi kitu kikubwa, kwa sababu kule kimelea hukomaa upesi vyovyote iwavyo. Kabale imekaa pale pale ambapo mstari unapinda, na digrii moja ya Kabale si sawa na digrii moja ya Kilosa.

Kwa hiyo swali la kisa hiki halihusu mvua ilitoka wapi. Linahusu ile digrii. El Niño ilileta sehemu yake, kwa mawingu yanayozuia joto lisitoroke usiku na kwa unyevu unaomrefushia mbu maisha. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine iliyokuwa imeshaingia Kabale miaka mingi kabla, na haikutoka angani.

Bondeni

Mgeni huitazama Kigezi kwa milima yake, matuta juu ya matuta hadi kileleni, na hupiga picha Ziwa Bunyonyi na visiwa vyake. (Ziwa hilo, kwa njia, liko kama mita 90 juu kuliko mji. Ukitoka Kabale kwenda ziwani unapanda, jambo linalowachanganya watu waliozoea kwamba ziwa huteremkiwa.) Mimi ningemwomba mgeni huyo ageuke atazame chini. Mabonde ya Kigezi yana sakafu bapa, maji yake hutembea polepole, na kwa maelfu ya miaka majani yaliyokufa yamelundikana humo yakawa mboji nene, nyeusi, iliyoloa. Juu ya mboji hiyo kulikuwa na mafunjo, marefu kumpita mtu, yameshikamana ukuta kwa ukuta. Bonde la Kiruruma, ambalo mji umelikumbatia, ni mojawapo.

Usiku hewa baridi ni nzito, nayo huteremka miteremkoni na kujikusanya chini kama maji kwenye beseni. Ndiyo maana ukungu wa asubuhi unaanzia bondeni, na ndiyo maana mtu wa Kigezi akipanda kilimani kidogo tu usiku anaweza kukuta pana joto kuliko chini. Tumezoea kusema kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Mchana ni kweli. Usiku, ndani ya bonde moja la Kigezi, mara nyingi ni kinyume, na mbu wa malaria ni kiumbe cha usiku.

Mafunjo yalikuwa yanaongeza ubaridi huo. Mmea unaofyonza maji mizizini na kuyatoa majanini unatumia joto la jua kufanya kazi hiyo, na joto lililotumika kugeuza maji kuwa mvuke halibaki kupasha ardhi. Maji ya chini yamefunikwa kivuli. Jua halifiki, dimbwi la uvuguvugu halipo, na mbu anayependa maji yenye jua hapati pa kutaga.

Kisha ardhi ikawa haitoshi. Kigezi imekuwa na watu wengi tangu enzi za ukoloni, na urithi wa kugawana shamba kwa kila mtoto wa kiume uliyakata mashamba hadi vipande ambavyo jembe likigeuka limeshaingia kwa jirani. Kuanzia miaka ya 1940 Waingereza walihamisha familia kwenda kaskazini, kwenye nchi zilizokuwa na nafasi, wakasimamia uchimbaji wa matuta ya kuzuia mmomonyoko, na pia wakaanza kuhimiza vinamasi vikaushwe. Kazi hiyo haikukoma bendera ilipobadilishwa. Mitaro ikachimbwa, mafunjo yakang'olewa, yakaja mashamba ya viazi na kabichi, na penye nafasi kubwa zaidi yakaja malisho ya ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Ukipita Kabale leo utawaona, weusi kwa weupe, wakila majani mahali ambapo babu wa mwenye shamba angezama hadi magotini.

Sipendi kumlaumu mkulima huyo. Udongo wa bondeni una maji hata wakati wa kiangazi, kilima kikiwa kimekauka, na viazi vya kiangazi ndivyo vyenye bei. Ningekuwa na nusu eka ya mlimani na watoto sita, mimi pia ningeshuka na jembe.

Sasa, bahati ya kisayansi: kati ya Desemba 1997 na Julai 1998, katikati ya mlipuko wenyewe, watafiti wakiongozwa na Kim Lindblade walikuwa Kabale wakipima jambo hili hasa. Walichukua vijiji 8 vilivyo kandokando ya vinamasi vyenye mafunjo yake na vijiji 8 kandokando ya vinamasi vilivyolimwa. Wakahesabu mbu ndani ya nyumba, wakapima ni wangapi wana vimelea, wakapima joto na unyevu. Kwenye vinamasi vilivyolimwa joto la juu na joto la chini la siku yote mawili yalikuwa yamezidi, kwa kiasi kinachokaribia digrii moja. Na kadiri joto la chini la kijiji lilivyokuwa kubwa, ndivyo mbu walivyokuwa wengi kwa kila nyumba.

Hapa inabidi mtu awe mwaminifu, kwa sababu utafiti huu hunukuliwa kwa mbio. Vipimo vya maambukizi yenyewe vilikuwa juu kwenye vijiji vya vinamasi vilivyolimwa, lakini tofauti kati ya aina mbili za vijiji haikufikia kiwango ambacho wanatakwimu hukiita cha uhakika. Lililothibitika kwa nguvu ni joto, na uhusiano wa joto la usiku na idadi ya mbu. Hatua ya mwisho, kwamba kukata mafunjo ndiko kulikoongeza homa, ni hitimisho la kufuata mnyororo huo. Mimi nalikubali, kwa sababu ile hesabu ya siku 74 na 46 inaonyesha digrii moja inavyotosha. Lakini nalikubali nikijua kwamba pete moja ya mnyororo imeshikwa kwa hoja, haikushikwa kwa kipimo.

Ugomvi wa vipimajoto

Kabale ilikuja kuwa maarufu duniani kwa sababu nyingine, kidogo ya kuchekesha. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walitumia kumbukumbu za hali ya hewa za maeneo manne ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kabale na Kericho yakiwemo, wakasema hawaoni badiliko la joto la kutosha kueleza kurudi kwa malaria. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakayarudia maeneo yale yale, wakaongeza miaka ya karibuni, wakasema joto limepanda, na kwamba kwa mbu kupanda kidogo huzaa ongezeko kubwa. Wengine wakasimama katikati wakiuliza habari za klorokwini iliyokuwa imeshashindwa nguvu, ambayo kwa kweli ni hoja nzito. Mgonjwa asiyepona huendelea kulisha mbu.

Katika ugomvi huo wote, kitu kimoja hunikera. Kila upande ulikuwa unasoma joto la kituo au la ramani. Kituo cha hali ya hewa kinapima hewa ya uwanja wazi, juu ya nyasi, ndani ya kisanduku cheupe. Mbu aliyeshiba damu hakai kwenye kisanduku. Anakaa ukutani ndani ya nyumba, penye jiko, watu sita waliolala na mbuzi mmoja, na humo joto limezidi la nje kwa digrii kadhaa. Nyumba ikiwa imeshuka kutoka mgongo wa kilima ikajengwa ukingoni mwa shamba la bondeni, hilo ni joto la tatu kabisa, na halimo kwenye kumbukumbu za yeyote kati ya hao waliogombana. Mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu kituo cha Kabale na asiwe amesema lolote kuhusu chumba cha kulala cha Kabale.

Ukuta na mpaka

Kwamba mbu wa milimani ni dhaifu, Kigezi ilikwishaonyesha zamani. Mwaka 1959 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Uganda walianza mradi wa majaribio kaskazini mwa Kigezi, wakipuliza DDT kwenye kuta, chini ya Julian de Zulueta. Malaria iliporomoka upesi kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 2006 upuliziaji wa dawa ya ukoko ulirudi, safari hii wilayani Kabale, kwa fedha za mpango wa malaria wa rais wa Marekani, nchi ya Uganda ikiwa miongoni mwa tatu za kwanza pamoja na Tanzania na Angola. Kabale ilichaguliwa vizuri: msimu wa hatari ni mfupi, na ukipuliza mara moja kwa wakati unaofaa umeufunika wote. Baadaye nguvu zikahamishiwa wilaya za kaskazini, Apac na jirani zake, ambako watu wanaumwa mwaka mzima. Siwezi kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya. Apac walikuwa wanakufa zaidi.

Kuhusu mpaka, huwa nasikia ukitajwa kana kwamba ndio mlango wa ugonjwa. Mstari wenyewe ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, na haukuligawa bonde kwa tabia yake: upande wa Rwanda kuna vilima vile vile na vinamasi vilivyolimwa vile vile. Katuna imekaa bondeni. Malori hupanga foleni, madereva hulala humo, na wengi wao wamepita Mombasa na Tororo wakiwa na vimelea damuni. Lakini walikuwa wakipita pia wakati Kabale haina homa. Geti lilipofungwa Februari 2019, malori yakazungushwa kupitia Mirama Hills na Kagitumba hadi lilipofunguliwa mwisho wa Januari 2022, bonde la Katuna lilibaki na joto lake. Dereva mwenye kimelea ni hatari pale tu ambapo mbu wa Katuna anaishi siku za kutosha, na siku hizo zinaamuliwa na mtaro na shamba, haziamuliwi na muhuri wa uhamiaji.

Kama ningepewa vipimajoto 20 na ruhusa, nisingevipeleka mpakani wala kituoni. Ningevitundika ndani ya nyumba, chini ya paa, kumi kwenye ukingo wa Kiruruma uliolimwa na kumi penye bonde lililobaki na mafunjo, nikavisoma kila alfajiri kuanzia Oktoba. Usiku kumi mfululizo juu ya digrii 18 ungekuwa onyo zuri kuliko ripoti ya wagonjwa, ambayo hufika wakati homa imeshaingia kila nyumba.

Na kwa mwenye nusu eka bondeni, ushauri wa kuacha kulima ni kelele tu. Kinachoweza kuzungumzika naye ni ukanda, mita chache za mafunjo upande unaotazama nyumba, na mitaro isiyoachwa ikazibana ikawa madimbwi. Mafunjo yana soko lake hata sasa, kwa mikeka na kuezekea. Yakikatwa juu huchipua tena. Yaking'olewa mizizi na mtaro ukapita, mboji hukauka na kunywea, na msimu unaofuata hapo ni viazi.